Nisubirie, Doto

Kulwa,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kuulizana hali. Yako sikuulizi. Yangu ni hii: sikai. Mimi, Doto, niliyekuwa nikikaa kwenye kigoda mpaka kuku wananidonoa vidole wakidhani ni mizizi, siku hizi sikai. Barua hii nimeianzia mezani, nikahamia kitandani, na sasa niko hapa kizingitini na karatasi juu ya paja. Mguu wa kulia umeshaanza kutikisika. Nakuandikia kwa sababu ya mguu huo. Si wangu, ni wako. Wewe ndiye uliyekuwa ukitikisa dawati mpaka tunatolewa nje wote wawili, mimi nikiwa sijafanya lolote.

Nikupe kwanza habari za nyumbani, maana najua hupendi mtu anayezunguka.

Matokeo bado. Ungekuwepo ungekuwa umeshakwenda kumsumbua Mkuu wa Shule mpaka akufukuze. Baba sasa yuko Buhongwa moja kwa moja. Alipopunguzwa pale kwenye kiwanda cha nguo alisema anakwenda kulima kidogo halafu atarudi mjini kutafuta kazi nyingine, lakini mihogo imekubali na yeye amekubali. Mitumba imejaa Mabatini kuliko ulivyoiacha. Ile sketi ya mistari uliyosema utainunua bado inaning'inia, nimeiona juzi, nikageuza njia. Viwanda vya minofu vimeongezeka huko ziwani. Nyama ya sangara inapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa, na mama anayakaanga pale pale sokoni na kwenye karai lile lile. Mama Zawadi bado yuko kushoto kwake na nyanya zake, na mdomo wake bado haujapata likizo.

Kilichobadilika ni jina la mama.

Hawamwiti tena Mama Kulwa. Hili ndilo limenikosesha utulivu. Wewe ulitangulia kutoka, kwa sababu hata huko tumboni ulishindwa kusubiri, kwa hiyo ukalichukua jina la mama kabla mimi sijaliona jua. Miaka yote amekuwa Mama Kulwa. Mimi sikuwahi kuona wivu. Nilikuwa nakaa ndani ya jina lako kama mtu aliyepewa lifti. Sasa wananiteremsha humo, wanamwita Mama Doto, na kila wanapoita nasikia wanakuzika tena.

Najua ilivyoanza, na ilianza kwa neno moja tu. Watu waliokuja matangani walimuuliza mama, "Ilikuwaje?" Mama akajibu, "Malaria. Ilimpanda kichwani." Ni kweli tupu. Homa ilikushika ukasema ni uchovu, kesho yake ukaanza kuniita mwalimu, ukaniomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, na tulipokufikisha hospitali ulikuwa umeshaacha kunisikia. Ilikupanda kichwani. Hivyo ndivyo kila mtu Mwanza anavyosema, hata manesi.

Lakini hawa walikuwa wanajua habari ya mwaka juzi, ile likizo. Basi waliposikia "kichwani" wakapokea kichwa, malaria wakaiacha. Toka bombani mpaka mashine ya kusaga, neno malaria lilikuwa limeshadondoka njiani. Lililofika ni kwamba ile hali yake ya zamani imempanda tena kichwani, na safari hii amemaliza kazi.

Kulwa, hukufa kwa hilo. Naliandika ili liwepo mahali. Ulijaribu kujiua mara moja, ukaokolewa, ukaishi. Ulifanya mtihani wa kidato cha nne ukicheka. Ulikufa kwa mbu, kama wanavyokufa watu wa kwetu kila masika.

Kule Buhongwa, baba mdogo alimvuta baba pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini uchimbiwe wapi, karibu na nyumba au kule mpakani. Unajua alichomaanisha: mpakani ndiko wanakozikwa waliojiua. Baba hakushusha sauti. Alisema, "Mtoto wangu kauawa na mbu. Aliyeuawa na mbu mnamzika wapi? Basi chimbeni hapo." Uko karibu na nyumba. Upepo ukija kutoka barabara ya Shinyanga unakuletea vumbi, lakini uko nyumbani.

Mabatini baba hakuwepo wa kusema hivyo. Mama Zawadi ndiye aliyeanza "Mama Doto", tena naamini kwa huruma, kama mtu anayemwondolea mwenzake mwiba. Wengine wakafuata. Na mama akakubali. Si kukubali kwa mdomo. Wewe unajua akiitwa alivyokuwa akiitika, "Bee!", sauti inafika mpaka kwa fundi viatu. Sasa akiitwa Mama Doto anageuza tu shingo. Tangu tulipokuzika sijasikia "bee" yake hata moja.

Nimesimama kidogo kuchungulia ndani. Mama ameniita. "Doto, uko?" "Nipo." Hivyo ndivyo tunavyoishi. Nikienda chooni, "Doto, uko?" Nikichelewa bombani, anakuja na mikono yenye unga. Analala kwenye kitanda chako, na ninapogeuka ubavu anakohoa ili nijue yuko macho. Pale sokoni nikiwa nimekaa kimya, yaani nikiwa nimekaa kama nilivyokaa tangu nizaliwe, husikia mtu anasema, "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Siku moja mteja mmoja akamwambia Mama Zawadi, bila hata kusubiri niondoke, "Hao si pacha wa kufanana? Damu yao si moja? Mwenye kelele alifanya vile, huyu bubu je?" Mama Zawadi akamwambia, "Chagua nyanya, mama." Lakini alinitazama. Wote wananitazama kama sufuria ya maziwa jikoni.

Ubaya wake ni kwamba na mimi nimeanza kujitazama. Kwa sababu swali la yule mama si la kijinga. Damu yetu ni moja. Na sasa nina mguu wako.

Unamkumbuka Daktari Senene? Usicheke, wewe ndiye uliyempa jina hilo, kwa sababu ya lile kopo la senene mezani kwake, na ukamwambia uso kwa uso, "Daktari, Wahaya mnatibu watu huku mnatafuna?" Akakujibu, "Na nyinyi Wasukuma mnaumwa huku mnaongea." Ndiyo siku mliyopendana. Ilikuwa baada ya ile likizo, ulipokuwa unakwenda kliniki na mimi nakusindikiza. Alitaka damu yako kidogo na majibu ya maswali yake. Alisema anawaomba wote waliopitia ulipopitia wewe, wale wanaokubali tu, kwa sababu anatafuta kama kuna alama yoyote mwilini, na kama inahusiana na tabia ya mtu, mwepesi au mzito, wa hasira au wa huzuni.

Maswali yale! "Ukichokozwa unajibu papo hapo au baadaye?" Wewe: "Baadaye ndiyo lini?" "Ukitaka kitu, unaweza kungoja?" Ukanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza nakuona unanyamazia swali. Kisha ukanielekezea kidole pale nilipokuwa nimejibana kwenye kona. "Huyu ndiye anayesubiri. Anasubiri kwa niaba yangu."

Ulisema kwa utani. Yeye hakucheka. Aliweka kalamu chini, akatueleza kwamba kwa watu wengine wazo lile huja kama mvua ya mawe ya huku kwetu, kali sana lakini haikai, na kwamba mtu akipata wa kukaa naye mpaka ipite, mara nyingi hupita. Akaniuliza kama naweza. Mimi, ninayeshindwa hata kumwambia kondakta shusha, nikasema, "Naweza."

Ndipo likawepo neno letu. Nisubirie. Si nisubiri. Nisubirie, fanya kazi ya kusubiri badala yangu, mimi siiwezi.

Uliniita kwa neno hilo mara chache kuliko mama anavyodhani. Ninayoikumbuka zaidi ni ya Kigongo, tulipokuwa tunakwenda kwa shangazi ng'ambo ya Busisi. Kivuko kilikuwa kimekwama upande wa pili. Ulikuwa unapanda na kushuka kwenye yale mawe, unamuuliza kila mtu kitakuja saa ngapi, halafu ghafla ukasimama. Uso ukawa kama wa mtu mwingine. Ukasema polepole, "Doto, nisubirie." Nikakukalisha. Nikashika pindo la sketi yako, basi. Sikusema kitu kwa sababu sikuwa na cha kusema, na wewe uliwahi kuniambia baadaye kwamba hicho ndicho kilichosaidia, kwamba mama akikaa anaomba, baba anahubiri, na Doto anakaa tu. Tukatazama maji. Jua lilihama. Mwanamke mmoja akapita na mahindi ya kuchoma, ukanyoosha mkono, ukala la kwako na nusu ya langu. Kisha ukasema, "Limepita," kana kwamba ni basi la Geita.

Huyo ndiye Kulwa ninayemjua. Hao wengine sijui wanamzungumzia nani.

Basi. Wiki iliyopita Daktari Senene alituma salamu kwa nesi anayeishi jirani na kanisa. Alikuwa amesikia msiba. Alisema pole, na akasema, kama nitakubali na kama mama atakubali, angependa kuniona, kwa sababu ndugu pacha ni mtu wa pekee kwenye hicho anachokitafuta. Mama alikuwa anaosha karai. Hakuinua uso. "Walichukua ya mwenzako, ikawasaidia nini? Na wakiikuta kwako? Nani atakuoa, Doto? Nani atakupa kazi? Tutakuwa watu wa namna hiyo, basi." Nikamwambia, "Sawa, mama." Kesho yake mguu ulitikisika mpaka nikamwaga chai. Nikamwambia nitakwenda, awe anajua. Akasema, "Vaa kanga ya pili, kuna baridi asubuhi." Mama hukubali hivyo.

"Shikamoo, daktari." "Marahaba, mwanangu." Aliponiona alishika mdomo. Nilisahau kwamba watu wakiniona wanakuona wewe. Kopo la senene lilikuwa palepale. Alinisukumia, nikala, nikalia huku natafuna, na ungekuwepo ungenicheka mpaka leo.

Nilikuwa nimepanga swali langu tangu nyumbani, nikilirudia kama shairi la darasani. Nikalitoa lote kwa mkupuo, macho sakafuni. "Kama mimi na yeye damu yetu ni moja, na yeye ilimtokea, je, na mimi nimebeba?"

Hakuniambia nisiwaze. Ningemchukia. Alisema kuna vitu mwilini, vidogo sana, vinavyousaidia ubongo kutulia na kungoja, na kwa baadhi ya watu waliojaribu kujiua huonekana vimepungua. Baadhi, alilirudia neno hilo. Wapo waliojaribu na damu yao haionyeshi chochote. Wapo ambao vimepungua na wanazeeka bila wazo hilo kuwagusa. Ndugu wa damu wanaweza kufanana kwa hilo, hakunificha. "Lakini hakuna damu inayotoa amri," akasema. "Hata nikikuta kitu kwako, hakitaniambia utaishije. Wewe na Kulwa mmetoka tumbo moja, mmekula sufuria moja, na yeye alikuwa moto, wewe maji. Kwa nini yeye na si wewe? Sijui. Ningejua nisingekuita."

Kulwa, sijui kwa nini "sijui" ile ilinituliza kuliko maneno yote ya matangani. Pale Mabatini kila mtu anajua.

Nikamwonyesha mguu. Nikamwambia mimi si mtu wa hivi, nimeshindwa kusubiri hata matokeo, hata ugali uive, nadhani kitu chake kimehamia kwangu. Akaniuliza waziwazi, bila kuzunguka, kama nataka kufa. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wananichungulia tu. Nikafikiri vizuri, maana alistahili jibu la kweli, nikasema, "Hapana. Nataka tu asiwe amekufa." Akasema hayo ni mambo mawili, na kwamba huo mguu ni msiba, mwili unamtafuta mtu uliyezaliwa naye. Kisha akasema, "Miaka hii wewe ndiye uliyekuwa ukimsubiria. Wewe nani anakusubiria?" Akaniambia siku yoyote likinijia lile la kwanza, la kutaka kufa, nisikae nalo peke yangu, nije, hata bila kadi, hata bila hela ya kuchangia, na njiani nimshike mtu wa kwanza ninayemwamini.

Nikanyoosha mkono, akachukua damu. Ilikuwa nyekundu tu, Kulwa. Nilidhani labda ningeona kitu.

Sasa sikiliza la juzi, maana ndilo hasa lililonifanya nitafute karatasi.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya karai na mama, nachambua mapanki. Akaja mwanamke mmoja mgeni, mwenye mzigo wa dagaa kichwani, ametoka upande wa Kigongo. Akauliza kwa sauti ya watu wa mwaloni, kule mitumbwi ya samaki inakotua, "Jamani, Mama Kulwa ndiye nani hapa? Nimeambiwa mapanki yake hayana mchanga!"

Mama akainamia mafuta. Mama Zawadi akajiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha yule mgeni. "Shh. Hapa hakuna Mama Kulwa, dada. Huyu ni Mama Doto."

Hakuna Mama Kulwa. Alisema hivyo. Mguu ukaanza. Na mimi nikafanya kama wewe, sikusubiri. Nilisimama, ule mfupa wa sangara ukiwa bado mkononi, na sauti iliyotoka sikuitambua.

"Yupo! Mama Kulwa ni huyu hapa!"

Fundi viatu akageuka. Nilijua nikinyamaza hapo sitasema tena maisha yangu yote, kwa hiyo nikaendelea. Nilisema Kulwa alikufa kwa malaria, na malaria kupanda kichwani si wazimu, kila mmoja wenu amezika mtu wa hiyo. Na lile mnalolisemea pembeni, nikasema, ni kweli. Aliwahi kujaribu. Aliumwa, akatibiwa, akapona, akaishi, akanunua nyanya zako hapa, Mama Zawadi, akakutania. Vyote viwili ni vyake. Msichukue kimoja mkanyima kingine. Na mimi nikikaa kimya, nimekaa kimya tu.

Nikaishiwa. Nikabaki nimeshika mfupa.

Mama Zawadi akapiga makofi mara moja. "Eeh! Kumbe hili bubu lina spika!" Watu wakacheka, na mimi nikaona aibu kiasi cha kutaka kuingia chini ya meza. Lakini macho yake yalikuwa na maji. Akamgeukia mama, akaliita jina akiling'ata kama zamani, kwa ile r yake isiyotibika: "Mama Kurwa! Mama Kurwa we, mteja huyo!"

Mama hakugeuza shingo. Alichomoa kijiko kwenye mafuta, akakigonga ukingoni mwa karai, na akaitika.

"Bee!"

Ilifika kwa fundi viatu, Kulwa. Ilipita.

Tulipokuwa tunafunga mzigo mama aliniuliza, "Nani alikufundisha kupayuka hivyo?" Nikamjibu, "Unamjua." Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza, kikakatika katikati akalia, na mimi sikusema kitu. Nilishika pindo la kanga yake. Tulikaa juu ya ndoo zilizogeuzwa mpaka lilipopita. Kisha nikajaribu neno letu. Nilimweleza nililipata wapi na maana yake nini, kwamba akiogopa asiniite tu "Doto, uko?", aseme anachotaka, na mimi nikizidiwa nitamwambia, "Mama, nisubirie." Alilirudia taratibu kama anayejaribu kiatu. Akasema linamtosha.

Kwa hiyo nimempa neno lako. Najua hupendi vitu vyako vichukuliwe bila ruhusa, lakini ndivyo ilivyo.

Mguu bado unatikisika kidogo. Nimeshauzoea. Nikiuona naukaribisha kama wewe uliyekuja kuniharakisha, na sidhani tena kwamba unanipeleka mahali. Jumapili nakwenda Buhongwa kumsaidia baba kuvuna mihogo, nitakupalilia. Matokeo yakitoka nitakuja kukusomea yako kwanza, kwa sababu hutakubali nianze na yangu. Na nikifaulu nataka kusomea uuguzi, nikae kwenye ile kona ya chumba cha Daktari Senene, na watu wenye haraka zao waje wanikute.

Lala, pacha wangu. Wewe ambaye hukuweza kusubiri chai ipoe, kivuko kije, embe liive, hata zamu yako ya kuzaliwa, nakuahidi kitu kimoja, na nakiahidi nikiwa nimekaa. Mara hii tu, usinisubiri.

Nitachelewa sana.

Doto